Akiaga, Usiondoke

Fundi cherehani aliyeketi mbele yangu kwenye basi alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni. Alimgeukia kijana wa pembeni yake, aliyevaa fulana yenye sura ya mwanamuziki. "Mwanangu, huko kwenye shoo kuna viti?"

"Hakuna, mama. Anachana mistari, anaimba, analia kidogo, halafu tunaruka wote."

"Nitaruka na magoti haya?" Kijana akacheka. Nami nilicheka, kimoyomoyo, kama ninavyocheka siku hizi.

"Tiketi aliinunua binti yangu," fundi akasema. "Tumemzika juzijuzi. Kuna wimbo wa taratibu aliokuwa akiupiga mpaka namfokea azime. Nataka kuusikia huo tu. Yule bwana akiaga, nawahi basi la mwisho."

"Pole sana, mama. Ila huo huuimba mwisho kabisa. Ataaga kwanza, taa zizimwe. Usiondoke."

"Mtu akiaga si ameaga?"

"Anajificha nyuma tu. Mkimwita sana, anarudi."

"Mimi nimeita mpaka sauti imekauka, sijaona aliyerudi."

Kijana akakuna kidevu. "Huyu hurudi, mama. Kila shoo."

"Na basi langu nalo litarudi?"

Nikatazama dirishani, maana mkoba wangu ulikuwa umekalia kiti ambacho marehemu mume wangu angekikalia. Basi liliposimama uwanjani, fundi alishuka na futi yake shingoni, akimwuliza kijana kama mwanamuziki huyo huitwa kwa jina la jukwaani au kwa lile alilopewa na mama yake.