Ruta Mbili, Zote Wasswa

Pale Nyakuron, mbele ya duka la kahawa la Mama Aidah, kuna benchi refu lililogongwa kwa mbao za jukwaa la sherehe za uhuru. Sherehe ziliisha, jukwaa likavunjwa, benchi likabaki, na wateja wamelikalia tangu hapo kama vile nchi walipewa wao. Juu ya vichwa vyao, ukutani, imetundikwa ruta ya kugawa mtandao, na hiyo ndiyo gundi yao: kikombe kimoja cha kahawa, kisha mpira wa Ulaya mpaka simu izime. Lakini huko jikoni, nyuma ya kuta mbili za matofali, Mama Aidah hakuwahi kunusa hata harufu ya mtandao wake mwenyewe. Baada ya risasi za Desemba alimpeleka bintiye Aidah kwa ndugu zao Arua, ng'ambo ya mpaka, na kila Jumapili saa tisa mtoto alipopiga simu ya picha, uso uliganda mdomo ukiwa wazi, halafu ukapotea. Jumapili hii Josline, mtoto wa kaka yake, aliapa kwamba uso huo hautaganda tena. Benchi lilimwita Wakili, maana midahalo ya chuo aliibeba hadi mezani.

Ruta ya pili ilikuwepo tayari. Aliileta Injinia, ambaye jina lake ni Owen na kazi yake ni kufungua simu za watu asizifunge. Aliinunua sokoni Malakia, katika vitu vilivyoachwa na wageni wa mashirika walipokimbia. Akaichomeka bila kumngoja Josline, na papo hapo hata benchi likakosa mtandao.

— Mafi shabaka, alisema Injinia, simu ameiinua juu kana kwamba mtandao ni ndege atakayetua. Hakuna mtandao kabisa.

— Ilikuwa iko, alisema Wasswa, Mganda mnene anayeuza vipuri vya bodaboda. Wewe umeleta hii ingine, ile ya kwanza imekufa. Mimi naona hii iko na wivu.

— Plastiki inaonaje wivu?

— Na mbona inakonyeza?

— Nyinyi hamjui vitu vya mashirika, alisema Balozi. Huyu ni Kenyi, aliyekulia ukimbizini Nairobi na kurudi kuwa mlinda lango wa ubalozi mmoja. Hiyo kitu, aliendelea, inatafuta wenyewe. Inauliza, madam ako wapi? Hakuna wa kuijibu. Inanuna.

— Basi ijibiwe Kizungu, alisema Wasswa.

— Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu, alisema Injinia. Tazameni taa nyekundu.

— Hiyo ni ya kijani.

— Ndiyo mawingu yenyewe.

Josline alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, ruta ya pili magotini. Aliichomoa kwenye nyingine, akaunganisha nayo simu yake peke yake, akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta. Kifuani hotuba ilikuwa imeshajipanga: mtandao ni wa nani, anayeula ni nani. Akaimeza, akauliza kwa upole:

— Wasswa, ninyi mlizaliwa mapacha?

— Ndiyo. Mimi wa kwanza, ndiyo Wasswa. Mdogo wangu Kato.

— Kama mama yenu angewaita wote Wasswa?

— Akiita mmoja, tunakuja wawili. Ama tunangojeana, haendi mtu.

— Ndizo hizi. Zimetoka kiwandani na anwani moja. Zote Wasswa. Tena kila moja inazigawia simu zenu namba, kama mgawa viti harusini. Wagawaji wakiwa wawili, hamjui nani kakaa wapi.

— Sasa nani iache?

— Hii ya pili. Naipa anwani yake, iwe Kato. Naizima ile kazi ya kugawa. Na waya hauingii tundu hili la bluu mlilochomeka ninyi, unaingia haya mengine ya kawaida. Kazi yake kupitisha tu. Kugawa tumwachie mkubwa.

Balozi akaangalia barabara kwanza, kushoto na kulia.

— Wakili, punguza sauti. Wakubwa wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anasema yeye ndiye anagawa, na wewe unataka mmoja aambiwe aache. Hiyo maneno ndiyo ilitukimbiza Desemba.

— Mimi nazungumzia ruta.

— Hata wao walianza kwa kuzungumza.

Hapo kila mtu akakumbuka kikombe chake. Josline akamalizia kazi. Jina la mtandao na neno la siri akavifananisha na vya ruta ya kwanza, ili simu itembee kutoka barazani hadi jikoni bila kuulizwa iendako. Akachomeka waya panapotakiwa. Mpira ukarudi, vichwa vikainama.

Sasa ikabaki kumpeleka Kato jikoni. Josline aliuburuta waya kupitia dirishani, akaukunjua wote, nao ukakomea kwenye stoo, ukuta wa pili ukiwa bado mbele na hapo stoo soketi ya umeme hakuna. Maduka ya waya yamefungwa Jumapili. Saa tisa inabisha hodi.

— Waya hukatikia pabovu, alisema Injinia.

— Haujakatika. Ni mfupi.

— Basi jiko lije huku mbele, alisema Wasswa.

— Moshi utatumaliza, alisema Injinia. Tubomoe ukuta. Matofali ya udongo hayo, mateke tu.

— Hapana, alisema Balozi. Nairobi kuna msee alikuwa anavuta mtandao wa jirani na mfuniko wa sufuria. Tunapanga vifuniko kutoka hapa mpaka jikoni, mtandao unaruka kimoja hadi kingine.

— Na nani atavishika?

— Si Mama Aidah yuko.

Mama Aidah alikuwa amesimama nyuma yao na jebena, birika la kahawa, mkononi, akimimina.

— Kahawa ndiyo hiyo ya mwisho, alisema. Makaa yamekwisha.

— Senga, nivumilie kidogo, Josline alimwambia shangazi yake.

— Acha, mwanangu. Atapiga Jumapili nyingine.

Wakati huo alikuwa amefika Sahal, kijana Msomali mgeni mtaani, aliyeletwa juzi kusaidia duka la mjomba wake. Aliambiwa kahawa imekwisha, akabaki akisikiliza habari za vifuniko. Kisha akauliza:

— Huyu mama ndiye anapigiwa na mtoto?

— Ndiye, alisema Injinia.

— Na hapa mtandao unashika?

— Hapa? Hapa ni moto.

— Sasa si akae hapa?

Injinia akatazama ruta. Balozi akaangalia benchi. Josline akauachia waya. Akainama, akaiona ndoo aliyokalia.

Simu ikaanza kulia ndani ya aproni ya Mama Aidah. Wasswa ndiye aliyeinuka kwanza, akifuatwa na wengine mmoja mmoja, vikombe mkononi. Mama Aidah akaliangalia lile benchi tupu, ambalo hakuwahi kulikalia, kama mtu aliyeonyeshwa kiti cha mgeni rasmi. Akafuta mikono, akakaa ukingoni kabisa.

Uso wa Aidah ukaja. Haukuganda. Ulimtazama mama yake juu hadi chini, kwa makini.

— Mama, unaumwa?

— Siumwi. Kwa nini?

— Mbona umekaa?