Mtani Wangu Mgiriki

Ndugu zangu, mlioitikia salamu ya msikitini na mlioitikia ya kanisani, ahsanteni kwa kunipisha hapa mbele. Sijazoea kusema mbele za watu. Tumekubaliana tusitaje majina, na mimi hilo limenifaa, kwa sababu mtu ninayetaka kumsema, kwao huko ukitaja jina lake tu watu wanaanza kucheka, na leo naomba mnisikilize kwanza.

Mimi ni Mngoni wa Songea. Huu ni mwaka wangu wa nne Dubai. Namtunza mzee mmoja wa Kigiriki, hapa hapa mtaa wa Al Mankhool, nyumbani kwa binti yake, ambaye ndiye madam wangu. Namwogesha, namvalisha, nampa dawa, namtembeza. Nilipoanza kazi niliambiwa ni mzee aliyepata kiharusi, upande wa kushoto haufanyi kazi, na hapendi supu. Basi. Hakuna aliyeniambia kwamba alikuwa mchekeshaji.

Nililijua hilo hospitalini. Tulikuwa tunasubiri mtu wa mazoezi ya viungo, mzee yuko kwenye kiti chake cha magurudumu. Akapita Mgiriki mmoja wa makamo, amevaa suti. Akatupita, akasimama, akarudi kinyumenyume. Akamtazama mzee usoni, akaanza kucheka kabla mzee hajafungua mdomo. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akapiga goti pale pale kwenye marumaru, akaubusu mkono wa mzee huku machozi yanamtiririka. Akaniambia kwa Kiingereza, "Dada, unajua unamsukuma nani? Huyu alimchekesha mama yangu siku ambazo nyumbani hatukuwa na kitu cha kupika."

Mzee akamtazama kwa ile nusu ya uso iliyobaki hai. Akaniambia, "Mwambie asogee, amekanyaga gurudumu langu."

Kuanzia hapo nikawa naokota maisha yake kidogo kidogo, asubuhi moja hili, asubuhi nyingine lile. Alizaliwa kwenye mji wa bandari, alikuwa akibeba mabonge ya barafu ya wauza samaki. Bosi wao alikuwa na namna ya kutembea, tumbo mbele, miguu nyuma kama inamdai kitu. Yeye akawa anamwigiza kwa wabebaji wenzake. Siku bosi alipogeuka na kumkuta nyuma yake na tumbo lile lile, alifukuzwa kazi. Kuna kundi la maigizo lililokuwa likizunguka miji midogo likamchukua. Alilala juu ya magunia ya mavazi. Aliigiza wake wa watu, mapadri, miguu ya nyuma ya punda. Baadaye ikaja sinema, na katika sinema alikuwa mtu yule yule siku zote: karani mwoga, koti linambana, anamwogopa mkewe, anamwogopa bosi, anaziogopa hata ngazi, na kweli kila mara ngazi zilimwangusha. Kwao wakati wa joto sinema zilionyeshwa kwenye viwanja vya wazi, na watu wa maghorofa ya jirani walitazama bure kwenye vibaraza vyao. Aliniambia wale ndio aliowapenda. Waliolipa watacheka tu, wasije wakajiona wajinga. Lakini mtu aliyetoka kuanika nguo akisimama na ndoo mkononi mpaka mwisho, hapo umefanya kazi.

Sasa ndugu zangu, nawaambia na mimi.

Mwaka jana mama yangu alifariki. Mama ndiye aliyekuwa anakaa na binti yangu huko Songea, tangu mtoto ana miaka sita. Nyumbani walinifanyia kile tunachofanyiwa wengi wetu humu. Wiki nzima niliambiwa, "Mama anaumwa kidogo, anapumzika." Nilipoomba kuongea naye, amelala. Nikipiga tena, ameenda kuoga. Kumbe alikuwa ameshafariki, na ameshazikwa. Kaka yangu mkubwa alinipigia siku ya tatu baada ya maziko, mimi napiga pasi mashati ya sir, mume wa madam.

Akasema, "Tulikuficha usije ukachanganyikiwa huko peke yako. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mbona hulii?"

"Nitalia baadaye."

Nikakata simu, nikamaliza mashati. Yalikuwa kumi na moja, na yalinyooka vizuri kuliko siku zote.

Hiyo baadaye haikuja. Msidhani nilikuwa jasiri. Nilikufa ganzi. Nilikula chakula bila kujua ni wali au ni mkate. Niligusa pasi ya moto nikasikia harufu kabla sijasikia maumivu. Kaka alinitumia video ya mazishi, nikaitazama nimezima sauti. Nikaona kaburi, nikaona watu wanacheka, nikaona mtu amevaa gauni la mama la kijani. Nikazima simu nikaenda kuosha vyombo. Humu kwenye kikundi sikumwambia mtu. Kila mwezi nilikuwa nakaa pale kwenye kona, mnaniuliza, "Nyumbani salama?" najibu, "Salama."

Binti yangu alihamia kwa kaka. Ana miaka tisa. Kila Jumapili alikuwa ananipigia, ananisimulia shule, paka, jino lililong'oka. Mimi najibu, "Sawa." Anasema, "Mama, nimekuwa wa pili darasani." Sawa. "Mama, namkumbuka bibi." Sawa. Sikuwa na neno jingine. Nilikuwa nikilitafuta kifuani kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba asichokijua.

Jumapili moja aliyepiga ni kaka mwenyewe. Nikasikia mtoto nyuma anasema, "Huyo siyo mama, huyo ni simu. Sitaki kuongea na simu."

Jumapili iliyofuata mtoto hakuja kwenye simu. Na iliyofuata. Kaka akasema, "Mwache, atazoea." Nilijua maana yake. Mtoto ataizoea dunia isiyo na mimi, kama alivyoizoea isiyo na bibi. Nilielewa kabisa kwamba nampoteza, na bado sikuhisi kitu. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Wakati huo mtu wa mazoezi alikuwa ametoa amri. Kila asubuhi saa nne, mzee akae mbele ya kioo, avimbishe mashavu, apandishe nyusi, aonyeshe meno, mara thelathini kila kimoja, ili uso urudi. Mzee akakataa katakata. "Uso huu watu walikata tiketi kuja kuuona," alisema. "Siwezi kuutazama hivi." Madam akabembeleza, akalia. Mwisho mzee akasema atafanya kwa sharti moja, mimi niwe pembeni yake nafanya naye, asiwe kichekesho peke yake.

Basi tukawa tunakaa wawili mbele ya kioo. Mzee wa Kigiriki na mwanamke wa Kingoni, tumevimbisha mashavu kama watoto wanaopuliza mapulizo. Na mimi nilifanya kama nilivyofanya kila kitu, kwa usahihi, bila kuwepo.

Siku ya nne au ya tano akanishika mkono. "Acha. Wewe unadanganya. Midomo inacheka, macho yameondoka. Mimi nina nusu ya uso, wewe huna hata robo." Akanitazama kwenye kioo. "Nani amekufa?"

Ndugu zangu, miezi minne. Huyu ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza.

Nikamwambia. Nikamwambia na ile video, na watu wanaocheka. Akauliza, "Walikuwa maadui zake?" Nikasema, "Hapana sir, hao ni watani."

Wakenya, na Waganda, labda hili hamlijui. Sisi Wangoni watani wetu ni Wahehe. Zamani tulipigana, tukachoka, tukageuka watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana na huna ruhusa ya kukasirika. Naona kaka Mhehe pale nyuma anatabasamu. Tabasamu tu, mla mbwa wewe. Sasa mtu akifa, Wahehe wanakuja msibani. Wengine wote wanalia, wao wanavaa nguo za marehemu, wanamwigiza alivyokuwa anaongea, alivyokuwa mchoyo wa sukari. Mmoja anaingia kaburini analala, anakataa kutoka mpaka apewe kuku. Mfiwa anajikuta anacheka, na kile kicheko kinabomoa ukuta, ndipo kilio kinatoka. Hiyo ndiyo kazi yao. Na mimi yangu ilifanyika bila sauti, kwenye simu, kando ya sinki.

Mzee akaacha kutazama kioo, akanigeukia. Kisha akasema, "Miaka hamsini nimeutafuta ukumbi huo." Akanisimulia mazishi ya mkewe. Alisimama kando ya jeneza, watu wamejaa mpaka barabarani. Alipoinua uso, mtu mmoja kwenye umati akacheka. Siyo kwa ubaya, aliuona tu ule uso. Kisha wa pili, kisha wengi, wameziba midomo kwa viganja na mabega yanatikisika. Na yeye, kwa mazoea ya kazi, akawapandishia nyusi. Wakacheka zaidi. "Niliona aibu," aliniambia, "nikaacha kazi. Sikucheza tena. Kumbe kwenu ningepewa kuku."

Kuanzia asubuhi ile maswali yakaanza. Mama yako alitembeaje? Kwa haraka au kwa mapozi? Mkono wake ulikuwa wapi? Alipokasirika alisemaje? Nikamjibu kama mtu anayejaza fomu. Nikasema alikuwa hatembei hatua tatu bila kufungua khanga na kuifunga upya. Nikasema alikuwa akiwagombeza kuku kama watu wazima. "Nyie watu! Mnanionaje nyie watu?" Akanifanya niyarudie maneno yale ya Kiswahili mpaka akayashika.

Wiki moja hivi ikapita. Asubuhi moja naingia na dawa, namkuta amesimama, ameshika fremu yake ya kutembelea kwa mkono mmoja. Amejifunga taulo kubwa la kuogea kiunoni. Hakunitazama. Akaanza kutembea. Hatua moja, mbili, tatu, akaiegemea fremu, akafungua taulo, akalifunga upya kwa mkono ule ule mzima. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuzika, lakini mabega, ndugu zangu, mabega yalikuwa ya mama. Sijui aliyapataje.

Nikasema, "Sir, acha."

Hakuacha. Mtani haachi. Akafika kwenye meza ya dawa, akaziinamia zile chupa, akaweka mkono kiunoni. "Nyie watu!" akaziambia. "Mnanionaje nyie watu?"

"Acha, nakuomba."

Akachukua chupa ya vidonge vya presha, akaitikisa kama anamshika kuku shingo, akaitazama kwa dharau ile ile, kichwa pembeni, kisha hatua tatu, taulo. Nilitaka kumpiga, nasema kweli. Kisha kitu kikanipanda kutoka tumboni, nikadhani natapika, kumbe nacheka. Nilicheka mpaka sinia la dawa nililoshika likaanguka. Akanyoosha mkono. "Lipa. Sitoki kaburini bila malipo." Kuku hakuna. Nikampa biskuti ya sukari, aliyokatazwa na daktari, naomba hili lisimfikie madam. Akaikubali kwa kichwa, kama mfalme. Na hapo, nikiwa nimeshika pakiti ya biskuti, nikaanza kulia, na sikuweza kunyamaza mpaka adhuhuri.

Madam alirudi akatukuta, mimi nipo sakafuni, baba yake amekaa kitandani na taulo lake, ananipapasa kichwa. Akaogopa. "Baba, umemfanya nini?"

"Kazi yangu," mzee akasema. "Nimerudi kazini."

Madam akanipa siku nzima ya mapumziko. Sikuingoja Jumapili. Nilimpigia kaka, nikamwambia asimwite mtoto, aweke tu simu mezani, sauti kubwa. Nikasema, "Nyie watu! Mnanionaje nyie watu?"

Nikasikia mlango unafunguliwa. Nikarudia.

Sauti ndogo ikasema, "Siyo hivyo. Bibi alikuwa anavuta hiyo 'nyie'. Nyiiie."

"Nyiiie watu."

"Na halafu anafunga khanga."

"Nimeshafunga."

"Muongo, siyo ya kwako, khanga ya bibi ninayo mimi." Kisha akacheka. Kisha akalia, na mimi nikalia, na kaka kule naye nikamsikia anapenga kamasi. Tulilia mazishi yale kwa simu, wote watatu, kwa sauti.

Sijapona kote. Kuna siku ganzi inarudi, naipiga pasi nguo moja mara mbili. Lakini mtoto anapiga simu, na sasa ana maneno ya kunigombeza. Uso wa mzee umerudi kidogo, nyusi ya kushoto inapanda nusu. Kesho saa nne tupo kwenye kioo.

Namshukuru mzee, ambaye kwao amewachekesha watu wengi na huku amenichekesha mimi. Namshukuru mtu wa mazoezi kwa amri yake. Namshukuru madam. Kaka yangu namshukuru pia, na ile siri nimemsamehe, ila naomba tusifichane tena. Na kaka Mhehe, hukukosa wewe. Mimi ndiye niliyejibu salama.

Nililojifunza ni dogo. Tukifiwa huku, tunatumiana pole kwenye simu, tunachanga, yalla, haya twende, kazini. Marehemu anabaki picha yenye mshumaa. Mtu aliyefiwa anataka arudishiwe mtu wake hata kwa dakika moja, na tumbo lake na uchoyo wake wa sukari.

Dada yetu uliyekaa karibu na mlango, mwanzo wa kikao tumesimama kwa ajili ya marehemu kaka yako. Kila mmoja amekupa pole, na kila mmoja umemjibu "asante" kwa sauti ile ile. Naijua sauti hiyo. Sijui kwenu Kisii watani wenu ni nani, na kama hawapo, mtaniwia radhi. Nikishuka hapa nakuja kukaa kwenye hicho kiti kitupu kando yako. Pole sitakupa. Utanionyesha kaka yako alikuwa anakasirika vipi, nami nitajaribu, na nikikosea unisahihishe.