Watoto Sita wa Mama Domisiana

Baba Padre, katekista wetu, viongozi wa kijiji na wa jumuiya, ndugu na majirani mliotoka Keza, Rusumo na hapa Runazi, kwa niaba ya familia nasimama mimi, Danstan Ngeleja, mwana wa marehemu, kuwasomea maisha ya mama yetu, na ninyi mnaonijua kwa michezo ya kuchekesha mnivumilie, maana karatasi hii nimeichana na kuiandika upya mara tatu.

Marehemu Domisiana Hakizimana alizaliwa tarehe 8 Septemba 1953 katika kijiji kimoja cha Keza, wilayani Ngara, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Hakizimana na Mama Francisca, wote wawili wametangulia mbele za haki. Alianza shule mwaka 1962 na kuishia darasa la nne mwaka 1965, si kwa kushindwa masomo, bali kwa sababu migomba ilihitaji mikono, na yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba alisoma ya kutosha kujua mwalimu anapokosea.

Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na Mzee Petro Ngeleja, mwenyeji wa Runazi, ambaye wakati huo alikuwa kibarua wa barabara, wakaenda kuishi Rusumo, na huko ndiko mama alikoanza kazi ya kupika uji na maandazi kwa ajili ya madereva wa malori. Kazi hiyo aliifanya pamoja na rafiki yake, marehemu Felisita, jiko moja, sufuria moja, na watu waliwaita mapacha ingawa mmoja alikuwa mrefu kama mlingoti na mwingine, yaani mama, mnamjua. Mwaka 1983 familia ilihamia hapa Runazi, mama akalima mahindi, mihogo na maharage, huku akiendelea na uji wake sokoni hadi miguu ilipokataa.

Sasa nimefika kwenye watoto, na hapa ndipo nilipochana karatasi.

Tarehe 20 Julai 1978 Felisita alifariki kwa homa ya siku nne tu, akaacha binti wa miezi minane aitwaye Iteka, ndugu zake walikuwa mbali na hakuna aliyekuja. Mama alikuwa amenizaa mimi mwezi wa sita mwaka huohuo, akambeba yule binti siku ileile akitoka mazikoni, ziwa la kulia likawa la Iteka, la kushoto likawa langu, na mnaotuona leo tukisimama pamoja hamhitaji kuambiwa ni lipi lilikuwa na maziwa zaidi. Tulikula sahani moja, tukaugua surua pamoja, tukachapwa kwa fimbo moja, na hatukuwahi kusikia nyumbani neno lolote la kututenga.

Neno hilo nililileta mimi. Baba alipofariki tarehe 17 Oktoba 2009, nilipewa kusoma historia yake kama ninavyosoma hii, na kwa kufuata walivyozoea wakubwa zangu niliandika kwamba marehemu ameacha watoto watano, pamoja na binti mmoja wa kulelewa. Nikasoma kwa sauti kubwa, tena nikijisikia fundi. Watoto walipoitwa kutupia udongo tulikwenda watano, Iteka akabaki nyuma na wapishi, na mama akawa anageuka, anatazama watu, anageuka tena, nami nikadhani anatafuta leso.

Mwaka 2019 mama aligundulika kuwa na kisukari, baadaye figo zikadhoofika, na tarehe 27 Januari mwaka huu wa 2025 alilazwa katika hospitali ya wilaya, akihudumiwa na Iteka kwa zamu na dada yetu Tecla. Siku ya tatu nilifika kutoka Mwanza, nikamwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza kama historia yake nitasoma mimi. Nikajaribu mzaha, nikamwambia mama, usinipe kazi kabla ya tangazo, hakucheka. Alisema, "Danstan, kwa baba yako ulinikosea hesabu ya watoto. Kwangu usirudie."

Miaka kumi na tano alikuwa amelinyamazia jambo hilo. Nilitoka nje nikamkuta Iteka anafua, nikamwomba msamaha kwa maneno mengi kama kawaida yangu, naye akajifuta mikono, akafungua mkoba akatoa barua, na baba mdogo Erasmus ameniruhusu niisome hapa. Mama aliiandika Iteka alipokuwa kidato cha pili, shule ya bweni Bukoba, na ndiyo barua pekee tunayojua kwamba aliiandika maishani mwake.

"Runazi, 14 Machi 1994. Mwanangu Iteka, shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima. Kuku mweusi ametotoa tisa, mwewe kachukua mmoja. Tecla ameng'oka jino, amelitupa juu ya paa, sasa kila asubuhi anakwenda kuchungulia kama jipya limeshuka. Danstan alivaa kitenge changu akajifanya padre, akambatiza beberu wa Mzee Habimana, nimemchapa, kisha nikaingia jikoni nikacheka peke yangu, usimwambie. Jana mvua ilinyesha kutwa, tukala mihogo na maharage wote jikoni tumebanana, moshi unatutoa machozi, baba yenu anawaambia habari za barabara, nikafurahi sana moyoni. Nikawahesabu, nikaona mmoja hayupo, nikauliza nani hajala, wakanicheka, nikakumbuka uko shule. Umeniuliza kwenye fomu ya shule, mahali pa jina la mama, uandike nani. Andika Domisiana. Sijui kwa nini umeuliza. Mama yako."

Juzi kwenye kikao cha familia baba mdogo Erasmus alishikilia utaratibu wa zamani, kwamba wa kuzaliwa watajwe kwanza na wa kulelewa mwisho, na hakusema kwa ubaya, ndivyo alivyofundishwa. Nilipomaliza kumsomea barua aliomba nirudie pale kwenye fomu, nikarudia, kisha akaniuliza, "Iteka akiwa wa tatu, wewe unakuwa wa ngapi?" Nikamjibu wa nne. Akasema, "Haya. Andika."

Kwa hiyo marehemu ameacha watoto sita, nao ni Frednand, Scholastika, Iteka, Danstan, Nyamizi na Tecla, wajukuu kumi na tisa na vitukuu wanne.

Mama alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja na miezi mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania hadi mwisho, vijana wa bodaboda waliompeleka kliniki kila mwezi wakiendesha polepole kwa amri yake, jumuiya kwa sala, akina mama wa soko la Runazi, wenzake wa kazi, waliofunga vibanda siku tatu kwa ajili yake, nanyi majirani ambao hata sasa moto wenu unawaka uani kwetu. Yeyote aliyemkosea tunamwombea, na yeyote ambaye mama alimkosea, atusamehe kwa niaba yake.

Baada ya padre kubariki kaburi, watoto wataitwa kutupia udongo kwa mpangilio niliousoma. Dada Iteka, utasimama baada ya Scholastika, mbele za watu wote, nami nitakuja nyuma yako.

Pumzika kwa amani, mama yetu sisi sita.