Alphonse Kalenga, Karani Aliyetufundisha Wosia

Marehemu kaka yetu Alphonse Kalenga alizaliwa Kabalo tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli. Baba alipofariki mwaka 1974, baba wadogo walikuja kwenye matanga, wakaondoka na vitanda, masufuria, hata milango. Mama akatuleta Lubumbashi mikono mitupu. Alphonse hakusahau.

Alipata diploma ya sekondari mwaka 1982, kisha akasoma sheria kwa miaka mitatu.

Kuanzia 1986 hadi 2021 alikuwa karani wa notaire, ofisa anayethibitisha hati na wosia, na tunajivunia sana hilo. Mtaa wetu wote wa Naviundu ulijua barza yake, kile kibaraza cha mbele ya nyumba. Aliwaeleza wajane kwamba certificat d'enregistrement ndiyo inayoonyesha mwenye kiwanja, na kwamba liquidateur hupewa kazi ya kugawa urithi tu. “Ye iko mugawaji, mali haiko yake,” alisema.

Siku moja jirani yetu Constantin alimletea wosia uliochapwa kwa mashine, umetiwa plastiki usilowe. Alphonse alicheka mpaka akavua miwani. “Constantin, hii haiko testament! Andika yote na mukono yako, weka tarehe, weka signature.” Constantin akanuna, lakini akaandika. Leo Constantin hayupo tena, lakini watoto wake wamo ndani ya nyumba yao.

Tarehe 5 Agosti 1989 alimwoa Laurentine Mwelwa. Hakuna aliyemtania Alphonse kama Laurentine, na hakuna aliyempenda zaidi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alifariki tarehe 9 Juni 2025, Laurentine akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, Précieux, Princesse na Dédé, wajukuu wanne, na sisi wadogo zake, Paulin na mimi Lydie.

Sasa niseme kwa aibu. Kabla hata ya jeneza kufika, Paulin alikuwa ameshatafuta mnunuzi wa nyumba, nami nilikuwa nimejichagulia chumba. Jana tuliusoma wosia, mwandiko wake mwenyewe: nyumba ni ya watoto, na Laurentine ana usufruit, yaani haki ya mjane kukaa humo bila kufukuzwa na mtu. Chini aliandika: “Lydie, ni weye utasoma hii mbele ya bantu.”

Nimesoma, kaka. Laurentine, tukitoka hapa tutakusindikiza mpaka mlangoni kwako, kisha sisi tutarudi kwetu.

Lala kwa amani, Alphonse. Umetushinda.