Blanketi Nililolivuta

Apewe sifa Mungu aliyetupulizia pumzi, maana sisi tulipomfunikia mwenzetu pumzi hiyo, yeye alimrudishia.

Ndugu zangu wa kikundi cha maombi, mmeniomba niseme yaliyotupata hapa Kirua Vunjo wakati wa korona. Namshukuru Mungu kila nikiamka. Lakini nawaambia ukweli, hasira bado ninayo, na sidhani kama ni dhambi.

Mke wa mwanangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Alianza kukohoa, ikaja homa, kisha akawa hawezi kusema maneno matatu bila kupumzika. Majirani wakasema, "Huku mlimani korona haipo. Ni mimba tu." Mimba tu! Mimba gani inayomgeuza mtu midomo ikawa ya bluu?

Wifi yangu akaja na majani, akachemsha sufuria kubwa. Binti huyo, mkwe wangu, akafunikwa blanketi zito ajifukize.

"Mama, nakosa hewa," nikamsikia humo ndani.

"Wifi, mfunue."

"Wewe nawe! Utamdekeza mpaka lini? Sisi tulijifungua asubuhi, jioni tuko bondeni tunakata majani ya ng'ombe."

"Ng'ombe wako akihema hivi unamwita bwana mifugo. Huyu ni mtu!"

Nikalivuta blanketi. Binti akaniangukia mikononi. Jirani mwenye pikapu akatuteremsha Moshi mjini bila kuuliza chochote.

Hospitali wakampima, wakasema ni korona. Daktari akatueleza kwamba ugonjwa huu unaweza kumwelemea mjamzito kuliko wanawake wengine, na mtoto anaweza kuja kabla ya wakati. Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, mdogo hata kofia ya kichanga ilimfunika macho. Mama yake akabaki kwenye oksijeni.

Mnajua desturi yetu: mwanamke akijifungua, mama mkwe ndiye humlisha mtori wa ndizi na maziwa mpaka apate nguvu. Mimi mtori wangu ningempa nani? Nilipopimwa nikaonekana salama, muuguzi akanivalisha barakoa, akanilazia kile kitoto kifuani, ngozi kwa ngozi. "Bibi," akasema, "sasa wewe ndiwe tumbo lake." Nikakaa hivyo nikiomba, mpaka mama yake akaweza kumpokea.

Na bado watu wakatutumia maneno: "Asinyonyeshe, maziwa yana ugonjwa!" Nani aliwauliza? Wauguzi walimwambia avae barakoa, anawe mikono, anyonyeshe. Akanyonyesha.

Tuliporudi nyumbani, wifi alisimama getini ameshika jani la sale. Kwetu anayekuja na sale kuomba msamaha hakataliwi. Nikalipokea, nikamwambia, "Wewe nimekusamehe. Ule uongo wa 'mimba tu' sitausamehe."

Nawashukuru wauguzi wale, jirani wa pikapu, na ninyi mliotukamulia ng'ombe tukiwa hatupo. Na akina mama wenzangu, mjamzito akikuambia hana hewa, usimsimulie ulivyojifungua wewe. Mpeleke hospitali.

Yule mtoto ndiye huyo mnayemsikia nje, anayefukuza kuku wa mchungaji. Mwacheni apige kelele. Mapafu yake ni mazima.

Mungu awape pumzi ya kutosha ninyi na watoto wenu, na kila atakayefikiwa na maneno haya. Amina.