Niliizima Pikipiki Mteremkoni

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mnisamehe, nasoma kwenye daftari. Nikisimama mbele za watu sauti inanikimbia, mnanijua. Lakini hili nikilinyamazia nitakuwa nimemwibia Mungu sifa zake.

Mwaka jana mama alikuwa mjamzito, na mimba mbili za kabla ziliharibika. Nesi akataka aende kliniki Mlowo kila wiki. Baba mdogo alikuwa anahamia Momba, akaniambia, "Pikipiki nakuachia. Ila bila leseni usiguse ufunguo."

Akanifundisha mwenyewe, hapahapa Hasamba. Na mafundisho ya kwetu mnayajua! Ukifika mteremkoni weka frii, gia isishike, zima swichi, serereka mpaka bondeni, petroli ibaki. Nikazoea hadi mkono ukawa unazima wenyewe.

Siku ya mtihani, msichana nilikuwa peke yangu. Kijana mmoja akauliza, "Huyu dada amekuja kuendesha au kusukuma?" Wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Afande wa trafiki akasema tuteremke polepole, tusimame kwenye mstari wa chokaa. Hatua chache mbele ya chokaa ni barabara kuu, malori ya kwenda Tunduma yanapita.

Nikaanza kushuka. Mkono ukazima! Nikaserereka kimya, nikasimama kwenye mstari.

Afande akaja. "Imezimika yenyewe?"

Ndugu zangu, uongo niliwekewa mkononi! Nilikuwa wa kusema ndiyo tu, nifaulu. Nikasema, "Nimeizima mimi, afande. Kwetu tunaserereka."

Vijana wakapiga kelele. Afande akanikodolea macho. "Binti, ukizima injini, pikipiki inashikwa na nini? Rudi juu. Gia namba moja, injini inawaka. Ukizima tena, nenda nyumbani."

Nikarudia. Katikati ya mteremko nikakanyaga breki. Mguu ukazama! Nikakanyaga tena, hakuna kitu! Breki ya mkono ilikuwa dhaifu tangu zamani. Chini kule lori la mafuta linapita. Nikapiga kelele, "Yesu!" Mimi, ambaye hata kwenye kwaya hamnisikii!

Lakini gia ilikuwa inaivuta pikipiki nyuma, inanguruma taratibu kama ng'ombe aliyeshikwa kamba. Nikabana ile ya mkono kwa vidole vyote. Ikasimama. Tairi juu ya chokaa!

Afande akainama, akakuta chuma kinachovuta breki ya mguu kimekatika, kinaning'inia. "Ungekuwa umezima…" Baadaye akasema, "Umefaulu. Lakini hii usipande, isukume mpaka kwa fundi."

Yule kijana mcheshi akaja akashika usukani. "Lete, dada. Leo nasukuma mimi."

Ndugu zangu, mpaka leo nikiwaza nashtuka. Ningedanganya, nisingerudishwa juu. Ningepewa leseni, na chuma kile kingekatika siku nimempakia mama, tumezima, tunaserereka! Mama yule pale, benchi la tatu, na mtoto anayelia ndiye huyo. Asante, Yesu! Asante!

Kama kuna mtu hapa ameshikilia kauongo kadogo, akaachie leo, amwamini Bwana. Mimi mwoga kuliko wote nimeweza. Na mkitoka hapa, mteremko wa kanisani mnauona. Baba zangu, kaka zangu, nawaomba, msizime.