Polycarpe Bisimwa, Aliyeifanya Kwaya ya Garland na Houston Iimbe Pamoja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Polycarpe Bisimwa wa Garland, fundi wa mitandao mwenye sauti ya besi ya kutetemesha benchi la kanisa. Alitutoka wiki iliyopita. Nasema tena: Polycarpe Bisimwa wa Garland ametutoka.

Kazi yake mnaijua. Zile antena nyeupe juu ya nyumba zetu, mtandao tunaouendesha wenyewe majirani, yeye ndiye aliyefunga za kwanza. Ndugu zetu wa Houston wakaiga. Lakini kilichomkaa rohoni ni kwaya. Nusu ya waimbaji wake walihamia Houston kufuata kazi, naye akakataa katakata kwamba kwaya imekufa.

Wakajaribu kuimba kupitia mtandao. Aibu tupu, wapendwa! Sauti ilichelewa. Garland wakiwangoja Houston, Houston wakiwangoja Garland, wimbo wa shangwe ukageuka wa matanga. Mimi nilidhani spika yangu imeharibika.

Ndipo akaja Daktari Jeptoo, mtafiti wa chuo kimoja huko Richardson. Aliomba mtandao wetu uwe uwanja wa majaribio, watafiti mbalimbali wautumie kwa pamoja. Watu wakakataa. Tuliokimbia vita huuliza kwanza nani anatusikiliza.

Polycarpe akasimama. Mkewe, Mama Sandrine, anakumbuka: "Alisema, 'Kama banataka kujaribu hapa, baweke antenne ku nyumba zabo pia. Ikikatika, ikatike kwetu bote. Na test ya kwanza, ni chorale.'" Yaani kwaya.

Jeptoo anacheka akisimulia. "Nilikuwa nime-prepare slides za maana. Mzee akaniambia, kwanza panda kwa roof yako. Nikapanda!"

Akapanda kweli, na watu wakakubali. Mtandao ulipokatika, naye alikatikiwa kama sisi. Walipima kwa kupiga makofi huku na kule; jaribio baada ya jaribio, makofi yalichelewa. Wakaipa sauti njia fupi zaidi, wakaondoa vituo vya katikati. Pasaka mwaka jana, Polycarpe akapiga kofi Garland. Houston wakapiga naye. Pamoja! Wimbo ukaenda kwa kasi yake mpaka mwisho, hakuna aliyemngoja mwenzake. Watu waliruka, wakakumbatiana, na Polycarpe akalia mbele za watu bila haya. Nami nikaruka nao.

Sasa watafiti wengi wanaleta majaribio yao kwetu, na sharti la Polycarpe linawabana wote.

Jumamosi, kwenye ibada ya mazishi, wengi wa Houston hawakuweza kusafiri, walikuwa kazini kwa zamu. Wakaimba kutoka kule, sisi tukaimba huku. Mama Sandrine akaniambia: "Niliogopa wimbo utakwama, juu yeye hayuko. Haukukwama."

Pole sana, Mama Sandrine. Poleni watoto na wanakwaya wote. Mungu ampumzishe.

Na wewe unayesikiliza ukitoka kazini, fikiria: yuko nani uliyezoea kuimba naye, mkaacha kwa sababu alihama? Mpigie leo. Akileta visingizio, wewe anza wimbo.